Jinsi ya kuchora na kutumia herufi za gotiki: kutoka kalamu bapa hadi breve, kaliko na shaba, hapa Lubumbashi

Msimu wa kolasyo (mahafali) ukikaribia, mafundi wa maandishi hapa Lubumbashi tunapokea ombi lilelile: "Fundi, niandikie breve na zile herufi za Bazungu wa zamani." Breve ni cheti, na kwa herufi hizo mteja anamaanisha gotiki, zile herufi nyeusi nzito, zimesimama wima, zina ncha kali juu na chini. Gazeti la Le Monde la Paris limeandika jina lake hivyo tangu lilipoanza mwaka 1944. Wengi hukimbilia kompyuta ya sekretaria (kibanda cha kuchapia), wakachagua fonti ya Old English Text, wakaandika CHETI CHA USHIRIKI kwa herufi kubwa tupu, wakachapisha. Karatasi inatoka nzuri ya kutazama, lakini hakuna anayeweza kuisoma.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzichora kwa mkono wake, azitie kwenye kompyuta, kisha ajue zinafaa wapi. Nitakawia zaidi pale Kiswahili kinapogongana na herufi hizi, maana waliozibuni walikuwa wanaandika Kilatini na Kijerumani, na maneno yetu yana umbo lingine.

Hatua ya 1: Chagua ukoo

Gotiki zina koo nne kubwa. Textura ndiyo ya wima kabisa, kila kitu kimevunjwa kuwa pembe. Ndiyo Johannes Gutenberg aliyoichonga huko Mainz kwa Biblia yake ya mistari 42, iliyokamilika karibu mwaka 1455. Ili kila mstari uishie sawasawa pembeni, alitengeneza vipande vya risasi vya aina karibu 290: herufi pana, herufi nyembamba, herufi zilizoshikana, vifupisho. Rotunda ilipendwa Italia na Hispania, na matumbo yake yana mviringo. Schwabacher ilienea Ujerumani mwishoni mwa karne ya 15. Fraktur ilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 16 katika vitabu vya Kaisari Maximilian wa Kwanza, na Wajerumani wakaendelea kuitumia kwenye vitabu na magazeti hadi karne ya 20.

Anza na Textura. Inajengwa kwa michoro michache inayojirudia, na ukiijua hiyo, nyingine zinafuata. Fraktur ina mikunjo inayotaka mkono uliokomaa. Rotunda naipenda kwa maneno marefu kama "shukrani" na "ukumbusho", na kama mteja anajali kusomeka kuliko fahari, ndiyo ninayompendekezea.

Hatua ya 2: Vifaa na mistari ya kuongoza

Unahitaji kalamu ya ncha bapa. Pilot Parallel ya milimita 3.8 ni nzuri ukiwa na ndugu anayetoka safarini wa kukubebea. Usipoipata, chonga tete: kata ncha mshazari, inyooshe kwa wembe iwe bapa, kisha uipasue kidogo katikati ili wino ushuke. Kwa mazoezi, penseli mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira zinatosha kabisa, na zina faida moja kubwa: zinachora kingo mbili za kila mchoro, kwa hiyo unaona mkono wako unavyokosea pembe. Kwa kibao cha mbao au bati, tumia burashi bapa yenye nywele fupi.

Vipimo vyote vinatokana na upana wa ncha. Kimo cha herufi ndogo ni ncha 5. Mikono ya juu ya b, h, k na l inaongeza ncha 2, na mikia ya g, p na y inashuka ncha 2. Kwa ncha ya milimita 4, kimo ni milimita 20, mkono 8, mkia 8. Piga mistari hiyo minne kwa penseli nyepesi kabla ya kugusa wino.

Hatua ya 3: Nguzo, kabla ya herufi yoyote

Shika kalamu ili ukingo wa ncha uwe na pembe ya nyuzi 45 na mstari, na usiizungushe vidoleni. Gusa karatasi, vuta kidogo kwenda chini kulia. Umepata karo, kama ile ya kwenye karata, imesimama kwa ncha yake. Kutoka katikati ya karo shuka wima. Karibu na mstari wa chini simama, weka karo nyingine. Hiyo ni nguzo moja, nayo ni i isiyo na nukta. Nguzo mbili ni n au u. Tatu ni m.

Kwa kuwa kalamu imelala nyuzi 45, nguzo haitoki na upana wote wa ncha. Inatoka na karibu sehemu saba kwa kumi, yaani ncha ya milimita 4 inatoa nguzo ya milimita 2.8 hivi. Weupe kati ya nguzo na nguzo uwe upana huohuo. Ndani ya n, kati ya n na i, kati ya mguu wa mwisho wa m na wa kwanza wa u, kotekote weupe ni mmoja. Fumba macho nusu utazame mstari: unapaswa kuona rangi moja isiyo na mashimo wala madoa. Jaza ukurasa mzima kwa nguzo tupu. Inachosha, na wanafunzi wengi huiruka, na kazi yao inaonyesha kwamba waliiruka.

Sasa ndipo shida yetu inapoanza. Chukua neno ambalo makanisa ya Kenya na Katuba, komini (mitaa) za hapa Lubumbashi, yanalipenda kwenye kaliko (bango la kitambaa): tumuinue. Kati ya t na e kuna u, m, u, i, n, u. Hesabu nguzo: 2, 3, 2, 1, 2, 2. Ni nguzo 12 zimepangwa sawasawa, bila mkono wa juu wala mkia wa chini wa kumsaidia msomaji. Ukiandika kwa sheria kali ya Textura, hakuna atakayejua kama ni tumuinue au kitu kingine chochote. Waandishi wa Kilatini waliteswa na jambo hilohilo, na ndiyo maana walianza kuweka alama nyembamba juu ya i. Kwetu pia m, n, u na i ziko karibu kila neno, na Kiswahili cha Katanga, kinachosema "munene" na "mutu" mahali pa "mnene" na "mtu", kinaongeza nguzo mbili nyingine.

Dawa ninazotumia ni hizi. Nukta ya i nailazimisha: mstari mwembamba ulioinama, juu ya kimo, usioruka hata mara moja. Herufi n naifunga juu, karo zake mbili zikigusana kwa kona, na chini naiacha wazi. Herufi u naifanyia kinyume: vichwa vyake nakata bapa bila karo, na chini naunganisha nguzo kwa uzi mwembamba unaotolewa na kona ya ncha. Na weupe kati ya herufi nauongeza kidogo kupita weupe wa ndani ya herufi, kama ndani ni 5 basi nje ni 6. Hilo linavunja sheria niliyotoa hapo juu, na wapenzi wa Textura safi watanuna. Wanune tu, maana mteja wangu anataka waumini wasome.

Jaribu kwa kumpa karatasi mtu ambaye hakujua ulikuwa unaandika neno gani. Akisita mahali, rekebisha hapo.

Hatua ya 4: Herufi ndogo zilizobaki

Nyingi ni nguzo zilizoongezwa kitu. Herufi l ni nguzo yenye mkono mrefu, h ni l na nguzo ya pili inayopindia ndani chini, b ni h iliyofungwa. O ni nguzo mbili zilizofungwa juu na chini. E na c ni upande wa kushoto wa o pamoja na karo juu, na e inafungwa kwa uzi mwembamba. Matumbo mawili yakikutana, kama "bo", "do" au "po", waandishi wa zamani waliyagandanisha yakatumia nguzo moja. Yanapendeza kwenye "boma" na "pole", lakini yafanye baadaye, mkono ukishazoea.

Zinazotaka uangalifu ni k na w. Kilatini kilitumia k kwa nadra sana, na w hakikuwa nayo, kwa hiyo hati za kale za Kilatini hazitakupa mifano mizuri. Tafuta mifano ya Kiingereza na ya Kijerumani. Kiswahili bila k hakiendi, na k ya Fraktur ina kitanzi juu kinachoifanya ifanane na t au l mbele ya macho ya mtu wa hapa. Mwambie mtu asome "kazi" kwa Fraktur, utamwona anavyogeuza karatasi. Chora k yenye mkono wazi na mguu unaotoka nje kwa mshazari. Kwa w, vichwa viwili vya kushoto vipandishe juu kidogo ya kimo, kama nusu ya ncha. Katika "mwalimu" kupanda huko kunakata msururu wa nguzo mahali panapofaa.

S ndefu ya zamani, ile inayofanana na f, iache. "Shule" itasomwa "fhule" na mzazi atakurudishia breve.

Kuna zawadi moja kutoka kwa Wajerumani: kipande cha ch kilichoshikana kimekuwa ndani ya fonti zao za Fraktur kwa karne nyingi, kwa sababu lugha yao inakihitaji. Kichukue kwa "chuo" na "cheti". Cha sh hutakikuta, kichore mwenyewe kwa mtindo huohuo. Kwa ng' ya "ng'ombe" na "ng'ambo", alama ya juu iwe karo ndogo yenye mkia mwembamba, iliyo karibu na g kuliko herufi inayofuata. Fonti nyingi zinaiweka mbali, na neno linaonekana limekatika vipande viwili.

Halafu Kifaransa. Breve za hapa zina "Université", "Académie", "Félicitations", hata zile ambazo kichwa chake ni cha Kiswahili. Chora é, è, ê, à, ô, ç na œ tangu mwanzo. Alama za juu zina nafasi ya ncha 2 tu, ile ya mikono, kwa hiyo zichore kwa kona ya ncha, ziwe nyembamba.

Hatua ya 5: Herufi kubwa

Herufi kubwa za gotiki zimejaa mapambo, kila moja inataka kuwa peke yake mwanzoni mwa neno. Ukiziweka tano mfululizo zinapigana. Kwa hiyo usiandike neno zima kwa herufi kubwa, hata mteja akisisitiza. Vifupisho kama RDC au UNILU viandike kwa fonti ya kawaida yenye miguu, kwa ukubwa mdogo kidogo. Kimo cha herufi kubwa za gotiki kiwe chini kidogo ya mikono ya l na h, kama ncha 6 na nusu.

Balaa la kweli liko kwenye majina ya watu. Katika Fraktur ya Kijerumani I na J zina umbo moja, kwa hiyo Ilunga na Joseph wanaanza sawasawa. B na V zinakaribiana, na pia N na R, na K na R. Hapa kwetu akina Ilunga, Ngoy, Kasongo na Banza wako kila darasa. Ama uchore herufi kubwa zako upya, ukiipa J mkia unaoshuka na ukiipa K mguu ulio wazi, ama jina la mwenye breve uliandike kwa herufi za kawaida na kuacha gotiki kwenye kichwa cha karatasi. Mimi huchagua hili la pili. Breve ambayo jina lake linabishaniwa ofisini haina faida.

Usijichoshe na zote 26 siku ya kwanza. M, K, U, S, C, B, N, T na W zinabeba kazi kubwa.

Hatua ya 6: Kuzitia kwenye kompyuta

Skana karatasi kwa 600 dpi, nyeusi na nyeupe. Fungua Inkscape, ambayo ni ya bure, na kwenye menyu ya Chemin chagua Vectoriser un objet matriciel. Utapata mistari yenye vinundu vingi mno. Vifute mpaka kila nguzo ibaki na vile vya kona tu. Usilainishe kila kitu, maana kutetemeka kidogo kwa mkono ndiko kunakoitofautisha na Old English Text ya kila mtu.

Kisha FontForge, nayo ya bure. Acha mraba wake wa vipimo 1000, yaani 800 juu ya mstari na 200 chini. Hesabu inakaa vizuri: ncha ni vipimo 100, kimo cha herufi ndogo 500, mikono inafika 700, mikia inashuka 200. Nguzo ni 70, weupe 70. Kila upande wa herufi acha nusu ya weupe, 35. Hivyo i ina upana wa 140, n na u zina 280, m ina 420, na ukiziandika zikifuatana weupe unajipanga wenyewe. Ukitaka ule ulegevu niliosema kwenye Hatua ya 3, weka 42 kila upande mahali pa 35. Nafasi kati ya maneno iwe kama upana wa i au zaidi kidogo. Gotiki haipendi mapengo makubwa.

Ch na sh zilizoshikana zisajili chini ya liga (sehemu ya herufi zilizoshikana) ili zijitokeze zenyewe mtu anapoandika. Ondoa mistari inayopandana, nyoosha mwelekeo wa mistari, toa faili ya fonti ya OTF.

Kama huna muda wa yote haya, zipo fonti zenye leseni huria: UnifrakturMaguntia, UnifrakturCook, Pirata One, Grenze Gotisch. Hii ya mwisho ndiyo rahisi zaidi kwa macho yasiyozoea. Kabla ya kuahidi kazi, andika "Ng'ombe, cheti, Félicitations, tumuinue" na utazame kinachotokea.

Hatua ya 7: Matumizi

Kwenye breve ya A4, kichwa kiwe na pointi 36 hadi 48, maneno mawili au matatu, herufi ya kwanza kubwa na nyingine ndogo. Maandishi mengine yote yawe ya kawaida. Chini ya pointi 14 gotiki inageuka uchafu, hasa kwa printa iliyochoka. Unapopeleka kazi imprimeri (kwa mpiga chapa), geuza maneno kwa Objet en chemin, au toa PDF yenye fonti ndani yake. Mashine ya kule haina fonti yako, na itaweka yoyote iliyo nayo bila kukuuliza.

Kaliko inayovuka barabara inasomwa na mtu aliye ndani ya teksi inayokwenda. Neno moja la gotiki, basi. Wachoraji wa mji huu waliotaka umma usome, kama Tshibumba Kanda Matulu aliyeandika maneno juu ya picha zake za historia ya Kongo, walitumia herufi za wazi. Kwa stika inayokatwa na plota (mashine ya kukata), nyuzi nyembamba hung'oka unapobandua, kwa hiyo zinenepeshe au uzitoe. Kwa triko (fulana) za serigrafi, zinazochapwa kwa wino kupitia wavu, ni kinyume: wino hutambaa ukaziba weupe, basi ongeza weupe na upunguze unene wa nguzo. Vijana wa rapu wanaipenda kifuani kwa upinde, na hapo sibishani, maana jina la kundi halisomwi na mgeni.

Pale inapokaa vizuri kuliko popote ni kwenye shaba. Makaburi mengi ya zamani ya Uingereza yana mabamba ya shaba nyeupe yenye maandishi ya gotiki, na nguzo na karo zinafuata patasi bila shida, wakati mviringo unaisumbua. Mafundi wetu wanaofua shaba nyekundu kwa zawadi za wanaostaafu wana chombo kilekile mkononi. Wape mchoro wenye nguzo za milimita 3 au zaidi, bila nyuzi.

Mtandaoni kuna ujanja wa kuandika jina la Facebook kwa gotiki: 𝕷𝖚𝖇𝖚𝖒𝖇𝖆𝖘𝖍𝖎. Hizo ni alama za hesabu zilizowekwa kwenye orodha ya kompyuta kwa ajili ya wanahisabati. Anayekutafuta kwa herufi za kawaida huenda asikupate, programu inayomsomea kipofu inaweza kuzitaja moja moja au kuziruka, na é haimo. Kwa duka au kanisa, tumia picha.

Utasikia pia mtu akisema hizi ni herufi za Hitler. Wanazi walizitumia sana kweli, halafu tarehe 3 Januari 1941 waraka uliotiwa saini na Martin Bormann ukazipiga marufuku kwa madai ya uongo kwamba ni za Kiyahudi. Kichwa cha barua hiyo yenyewe kilikuwa kimechapishwa kwa gotiki. Hata hivyo makundi ya wabaguzi wa Ulaya bado yanazipenda, hasa zile nene za Fraktur. Mteja akiwa na wafadhili Wajerumani, mwambie mapema, na umwonyeshe Rotunda.

Ukimaliza, mpe mteja PDF ya kuchapisha na picha ya PNG ya kutuma kwa WhatsApp. Faili ya fonti yenyewe ni bei nyingine, mwambie hivyo kabla ya kupokea avansi (malipo ya awali).